Mpilipili Manga wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Siku ya pili bila mke.

Jana mama watoto alifunga begi akaenda kwa dada yake. Hakupiga kelele, hakubamiza mlango. Hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akinifokea asubuhi, jioni tunakula pamoja kama kawaida. Akinyamaza, nina kazi.

Chanzo ni cherehani yake. Nilichomoa gurudumu nikatengenezea mashine ya kupepea jiko la mkaa. Wazo safi kabisa! Na mashine ilipepea kweli. Ilipepea majivu yakaingia kwenye sufuria, kwenye kabati, na kwenye gauni jeupe la mteja lililokuwa limetundikwa mlangoni likimsubiri mwenyewe. Sasa cherehani imo ndani ya beseni, vipande vipande, na mteja kahamia kwa fundi mwingine. Nilimwambia mama watoto ni suala la skrubu mbili tatu tu. Akaniuliza hii ni mara ya ngapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na nafikiri hapo ndipo nilipokosea.

Kaniachia sharti moja. Kwenye kona ya ua, karibu na bafu, kuna mpilipili manga wa marehemu mama yake. Mkwe wangu aliupanda kwa mikono yake mwaka tuliohamia nyumba hii, akauegemeza kwenye nguzo, nao ukaparamia nguzo mpaka ukapita paa la bafu. Mama watoto atarudi Jumapili ya tarehe kumi na sita. Akiukuta uko hai, atafungua begi na maisha yataendelea. Akiukuta umekufa, atabeba beseni lake na kurudi alikotoka, moja kwa moja. Aliyasema hayo akifunga kamba za viatu, bila kunitazama.

Maelekezo: kikombe kimoja cha maji, siku moja ndiyo, siku inayofuata hapana. Nisiguse kitu kingine. Alipofika mlangoni akageuka, nikadhani ananiaga. Akasema, na nisifikiri.

Kikombe kimoja! Kuniambia mimi! Miaka ishirini na miwili nasoma mita za maji, nyumba kwa nyumba. Kama kuna mtu anayejua maji mtaa huu, ni mimi. Nimeukagua mmea leo. Majani mapana, yanang'aa, hayo sikatai. Lakini vishada ni vichache, vyembamba, na punje zenyewe bado za kijani, ndogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Una kiu, maskini. Mama watoto ni mwanamke mwema, ila ana mkono wa birika.

Nimeamua. Sitamkabidhi mmea ulio hai tu. Nitamkabidhi mmea ulioelemewa na pilipili. Atasahau cherehani, atasahau gauni, na huenda akaniomba radhi. Nitamsamehe.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yetu wa kulia ni nesi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Nesi, na mtaa mzima unamwogopa, maana nusu yao aliwachoma sindano walipokuwa wadogo. Naye ana mpilipili manga. Mkwe wangu ndiye aliyemkatia kipande akapanda, kwa hiyo mmea wake ni mtoto wa mmea wetu. Basi mtoto kampita mama! Umetanda ukuta wote wa nyuma. Vishada virefu kama vidole, vingine vimeshaiva, vyekundu. Naviona nikisimama juu ya ndoo.

Leo kanikuta juu ya ndoo. Akauliza kama mama watoto kasafiri. Nikasema kaenda kumsalimia dada yake, siku mbili tatu. Akauliza kama hizo mbili tatu si ndizo kumi na nne. Nani kamwambia! Kisha akaanza kunifundisha. Eti pilipili ukizichuma mapema ukazianika na maganda yake, zinakuwa nyeusi. Ukizisubiri ziive ukazimenya, zinakuwa nyeupe. Mmea huohuo! Nilicheka mpaka ndoo ikayumba. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ni mimea miwili tofauti, hata mtoto anajua. Akanitazama mkono, kama anayetafuta mshipa. Akasema nikipata shida yoyote na mmea nigonge tu, yeye yupo.

Shida! Mimi!

Nimekaa mezani na kalamu. Kikombe ni robo lita. Mmea una urefu wa mita tatu na ushei. Mtu wa urefu wa mita moja na nusu anakunywa lita mbili kwa siku. Kwa hiyo mmea unahitaji lita nne, na hapo hatujaweka punje. Nikazidisha kwa majani. Nikapata lita sitini kwa siku. Hesabu haidanganyi.

Lakini lita sitini kwa siku zitaonekana kwenye mita. Na anayesoma mita yangu kipindi hiki cha likizo ni mfanyakazi mwenzangu, Nukta, ambaye kapewa eneo langu kwa mwezi mmoja. Tunamwita Nukta kwa sababu anaandika mpaka zile namba nyekundu za mwisho ambazo binadamu wote huziacha. Nukta anautaka mtaa wangu moja kwa moja. Sitampa hata tone la kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Moyo unanienda mbio kwa furaha.

Katika kazi yangu nimewakamata watu arobaini na mmoja walioiba maji kwa kuunga bomba kabla ya mita. Arobaini na mmoja! Nimepata cheti kwa ajili hiyo, kimetundikwa sebuleni. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayejua makosa ya wezi wa maji kama mimi. Mmoja alisahau kufukia. Mwingine alifukia lakini akapanda maua juu yake, maua yakastawi kuliko ya mtaa mzima. Mimi sitafanya makosa hayo.

Nimechimba kabla jua halijawa kali. Nimeunga kabla ya mita, nimepitisha mpira wa maji chini ya matofali hadi kwenye shina la mpilipili, nimefukia, nimeweka beseni la nguo juu. Kazi safi mno. Niliona huruma kwamba hakuna wa kunipigia makofi.

Si wizi. Wizi ni ukitumia wewe mwenyewe. Huu ni mmea.

Nimefungulia kidogo tu. Kidogo kiasi gani, sijui hasa. Maji yasiyopita kwenye mita hayana namba.

Nikampigia mama watoto. Akapokea shemeji, dada yake. Nikamsikia mke wangu kwa nyuma akimwambia aniulize kama nimeugusa mmea. Nikasema sijaugusa. Ukweli mtupu. Maji ndiyo yanayougusa.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo ni mazuri. Udongo ni laini, ukikanyaga unazama hadi kwenye kifundo. Chura kahamia chini ya mmea. Dalili njema, chura hawezi kukaa mahali pabaya.

Nesi kachungulia juu ya ukuta. Akauliza kama kwangu bomba limepasuka, maana upande wake ukuta unalia. Nikamwambia ni unyevu wa msimu. Akasema msimu gani, na jua hili. Nikajitia kukohoa nikaingia ndani. Mwanamke huyu hana dogo.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi, jani moja la manjano. Nikasema si kitu, uzee.

Saa nne, majani kumi na moja.

Nimetafakari nikinywa chai. Sababu ni hii: mmea umekunywa vizuri, sasa una njaa. Mtu akinywa sana bila kula, anakuwaje? Hivyohivyo. Nimekwenda duka la pembejeo nikanunua kopo la mbolea. Muuzaji akasema kijiko kimoja kwa wiki. Nikamwambia nina wiki moja tu. Akasema basi kijiko kimoja. Watu wengine hawana upeo.

Nimeweka nusu kopo. Halafu nikafikiria safari ya mama watoto, yule mwanamke kwenye basi na begi mapajani, akija kuangalia mmea wa mama yake. Nikaweka nusu nyingine.

Jumatatu, 10 Machi

Nukta kaja. Shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni. Akanisalimia kwa cheo, nami nikamsalimia kwa cheo, tukatabasamu kama watu wanaopendana.

Akafungua kifuniko cha mita. Akaangalia. Akafuta kioo kwa leso. Akaangalia tena. Akasema tangu likizo yangu ianze nimetumia maji ya mtu anayeosha kijiko kimoja. Nikamwambia mama watoto hayupo, na mimi si mtu wa kuoga ovyo. Akasema anasikia.

Kisha akataka kuuona ua. Nikamwambia hakuna cha kuona. Nesi, kutoka upande wa pili, akapaza sauti kwamba kipo, tena ukuta wake sasa umeota ukungu. Ala! Nukta akazunguka nyumba. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, kiatu kikabaki kwenye tope na mguu ukatoka na soksi. Akasimama mguu mmoja kwenye ua wangu, akamtazama chura, akatazama beseni la nguo, akatoa kalamu.

Aliandika muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Majani ya manjano leo sijayahesabu. Nimehesabu ya kijani. Ni rahisi zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Umekufa.

Nimeandika nikafuta, nimeandika tena. Majani yameanguka karibu yote, yamelala kwenye tope. Shina chini limekuwa jeusi, nikilibonyeza linatoa maji na harufu ya kitu kilichooza. Nimefunga koki. Nimefunga baada ya wiki nzima, mtu ninayejua maji.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilimkumbuka mkwe wangu akiinama pale, akiufunga mmea kwenye nguzo kwa kitambaa, akinieleza kwamba haupendi miguu yake kulowa. Nilimjibu ndiyo mama, ndiyo mama, huku nikifikiria mambo yangu mengine. Nilikuwa na mradi wa sungura wakati ule. Iliniuma. Siyo kwa sababu ya sharti tu. Mama watoto hana kitu kingine cha mama yake kinachopumua.

Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni kwa Nesi. Nikanyanyua mkono kugonga. Alishasema nigonge. Ana mmea uleule, damu ileile, angenikatia kipande na kunifundisha, na mama watoto angekuta angalau mwanzo. Mkono ukabaki hewani. Nikamwona akilini jinsi atakavyoniangalia. Nikamsikia akilini akisimulia mtaa mzima. Nikarudi nyumbani taratibu, kama mtu aliyekuwa akijinyoosha tu.

Alhamisi, 13 Machi

Barua kutoka ofisini, kaleta Nukta mwenyewe, amevaa viatu vipya. Bosi ananiita Jumatatu tarehe kumi na saba, saa mbili asubuhi, nieleze kuhusu usomaji usioeleweka wa mita na dimbwi la asili isiyojulikana.

Nukta akaniuliza hali ya mmea. Nikasema unabadilisha majani.

La Jumatatu ni la Jumatatu. Kwanza Jumapili. Nikimpoteza mke, kazi nitamfanyia nani?

Ijumaa, 14 Machi

Wazo! Wazo kubwa kuliko yote!

Sharti ni nini? Mama watoto aukute uko hai. Hakusema uwe hai kwa muda gani. Nahitaji mmea hai kwenye nguzo ile Jumapili, tuseme saa nane hadi saa kumi. Akishafungua begi, akishatundika nguo kabatini, nani atazirudisha? Baada ya wiki nitamwambia mmea umepatwa na ugonjwa wa kuvu uliovuka ukuta kutoka kwa Nesi. Tutalia pamoja. Huenda ikatuleta karibu.

Na mmea hai upo mita nne kutoka hapa, umetanda ukutani.

Nimefanya mazoezi ya uongo wa kuvu mbele ya kioo mara sita. Mara ya sita nilijionea huruma mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechoka, nina mikwaruzo, lakini ninao.

Nilivaa sare ya kazi, kofia, koti refu la mvua, nikagonga kwa Nesi. Nikamwambia idara imeamua mita zisomwe mara mbili mwezi huu. Akatazama mbingu, hakuna hata wingu. Akatazama koti. Akanikaribisha.

Mita yake iko nyuma, chini ya ukuta wa mpilipili. Nami nalijua hilo, nimeisoma miaka mingi. Nikachuchumaa, nikaandika namba yoyote, nikamwomba maji ya kunywa. Alipoingia ndani nikatoa kisu. Nikakata mashina matatu marefu chini, nikayabandua ukutani. Yana vimizizi kila kifundo, yanashika hasa. Nikajizungushia mwilini ndani ya koti, kiunoni, kifuani, moja nikalipitisha kwenye mkono. Nikafunga vifungo vyote hadi kidevuni.

Nesi akarudi na glasi. Akasimama. Akasema jirani, umevimba.

Nikasema ni chakula. Akasema alipokwenda kuchukua maji nilikuwa mwembamba. Akasema uvimbe wa ghafla namna hiyo ni figo, au ni moyo, na kwamba mwili wangu unaonekana una maji mengi kupita kiasi. Alilitamka neno maji polepole sana. Akaleta kipimo chake cha presha. Akataka nikunje mkono wa koti. Nikakataa. Akasisitiza. Nikasema dini ya idara hairuhusu. Sijui hata nilimaanisha nini! Jani lilikuwa limeshanitokeza kwenye kola, nalisikia linanitekenya shingo, na yeye analitazama lile jani kwa makini kama mtu anayesoma kipimajoto. Jasho likanitoka. Punje moja nyekundu ikadondoka kutoka ndani ya koti ikabiringika mpaka kwenye kidole chake cha mguu.

Akainama akaiokota. Akasema nikapumzike, ninywe kidogo tu, kikombe kimoja.

Sidhani kama amegundua chochote.

Mchana wote nimefunga mashina kwenye nguzo. Uzi pekee niliokuta ndani ni ule wa bluu wa mama watoto wa kushonea. Nimeung'oa mmea mfu, nimeusukuma nyuma ya bafu, nimeuchomeka huu mpya kwenye tope. Umetulia! Umependeza! Mwanzoni nilitaka kuchuma vile vishada vyekundu, kwa kuwa vyetu vilikuwa vya kijani. Nikatafakari. Mmea wenye pilipili zilizoiva ndani ya wiki mbili! Mume gani mwingine angeweza? Nikaviacha vyote.

Jumapili, 16 Machi

Alifika saa nane na robo.

Alishuka na begi moja na mfuko wa plastiki. Kakonda kidogo. Nilifurahi kumwona kuliko nilivyotarajia, nikataka kumpokea begi. Hakulitoa. Akapita sebuleni, akapita beseni lenye cherehani, akaenda moja kwa moja uani, begi likiwa begani.

Nilikuwa nyuma yake. Niliona alichokiona. Tangu jana majani yamenywea, yananing'inia kama nguo zilizolowa. Lakini vishada vilikuwa vyekundu, hilo lazima niseme, vyekundu hasa.

Akasogea. Akagusa kishada. Akagusa uzi wa bluu. Akaufuata uzi kwa kidole, fundo moja, fundo la pili, mpaka chini. Akalivuta shina kidogo tu, kwa vidole viwili, likatoka lote kwenye tope, bila mzizi wa maana. Alilishika hivyo, kama mtu aliyeshika mkia wa kitu ambacho hajui ni kitu gani.

Halafu akakaa kwenye ngazi ya bafu, begi mapajani, akalia. Hakutoa sauti. Machozi yalishuka tu, na aliyaacha yashuke. Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na tisa, nimemliza kwa mambo mengi, lakini mara zote nilikuwa nimeshatoka nyumbani.

Nikafungua mdomo kusema uongo wa kuvu. Haukuwepo. Nautafuta, siupati! Kuvu ilivuka ukuta, au ukuta ulivuka kuvu? Kila neno limeniponyoka. Na mama watoto kainua uso ananisubiri. Kichwani nikakuta kitu kimoja tu kimebaki, nacho ni kile kilichotokea. Nikakisema.

Nilisema chote. Kikombe, lita sitini, bomba kabla ya mita. Mbolea, kopo zima. Nesi, kisu, koti la mvua. Nilisema nilifika mlangoni kwa Nesi nikarudi kwa aibu. Nilisema mama yake aliniambia kuhusu miguu ya mmea na sikumsikiliza. Nilisema cherehani si suala la skrubu mbili tatu, skrubu nyingine sijui ziko wapi. Hapo sauti ilinikatika, nikawa nalia na mimi, mtu mzima, na chura ananitazama.

Kisha mama watoto akajifuta uso kwa khanga, akasema yote hayo alikuwa anayajua. Nesi alimpigia kila jioni. Hata lile jani la kwenye kola kasimuliwa. Yote aliyajua isipokuwa ule mlango, kwamba nilifika nikarudi. Akasema kwenye basi alijiapia: nikimdanganya hata kwa neno moja, halifungui begi, liwe mmea liwe kitu gani.

Nikauliza, na mmea je? Mmea wa mama?

Akafungua mfuko wa plastiki. Ndani mna makopo matatu ya maziwa yenye udongo, na kila kopo lina mche wa mpilipili manga wenye majani manne mapya. Alikata vipande wiki tano kabla ya kuondoka, akavificha kwa Nesi vikaota mizizi, na siku ya safari akapita kuvichukua. Nikashangaa. Akaniuliza kama kweli nilifikiri angeniachia mimi mama yake.

Nilitaka kukasirika kidogo. Nikaona si wakati wake.

Makopo mawili kayapeleka kwa Nesi. Moja kaliweka dirishani jikoni na kuninyooshea kidole cha onyo. Kisha akaingia chumbani. Nikasimama koridoni bila kupumua. Nikasikia zipu ya begi inafunguliwa, halafu viango vya nguo vinagongana kabatini, kimoja kimoja. Sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile.

Jumatatu, 17 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili niko kwa bosi.

Nimewaza sana, na nimeelewa. Miaka yote hii nimekuwa mjinga. Nilihangaika na uongo, uongo una kazi nyingi, unakaririwa, unaponyoka. Kumbe kuna kitu kinachoitwa ukweli! Kinamfanya mtu alie, afute macho, afungue begi. Tena bure. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Kwa hiyo bosi nampa ukweli. Nimeuandika kwenye karatasi, kurasa mbili.

Mama watoto kaamka kanikuta naandika. Akauliza ni nini. Nikamwambia leo naenda ofisini kusema ukweli wote. Macho yakamlowa tena. Kanipigia pasi shati bila kuombwa. Kaniwekea leso mpya mfukoni. Akanishika shavu akasema sasa anaona ameolewa.

Shati bado lina moto, linanipa joto la kupendeza.

Nimeusoma ukweli tena toka mwanzo. Kwa kweli, jinsi ulivyotokea, ni mfupi na haugusi moyo. Bosi si mke wangu, hatalia kwa ajili ya mmea. Kwa hiyo nimeunyoosha kidogo. Mkwe wangu sasa hajafa, ni mgonjwa, na daktari kasema aoshwe kwa maji mengi kila siku. Nafikiri nitaanza kulia kwenye ukurasa wa pili, mstari wa tatu, nimeuwekea alama. Na bomba sikuliunga mimi. Katika ukweli wangu, aliyeliunga ni Nukta.